Fahali Mwekundu na Yule Mwengine

Wanaume wa Kengeja wakikaa barazani kuzungumza habari za ng'ombe, wewe nyamaza tu. Kila mmoja bingwa. Atakwambia pembe zielekee wapi, nundu isimame vipi, nywele za paji la uso zizunguke upande gani, na yeye mwenyewe nyumbani kwake hana hata kuku. Nawaacha waseme. Mimi, Mize binti Ame, nimehamisha vigingi vya ng'ombe asubuhi na jioni tangu nilipoolewa, mikono yangu ina sugu za kamba mpaka leo, na hakuna aliyewahi kuniita barazani kuniuliza kitu.

Mume wangu Mabruki, Mungu amrehemu, yeye aliulizwa. Alikuwa na haki ya kuulizwa, siwezi kumnyima hilo. Mafahali wa mbegu yake walijulikana Pemba nzima. Ukitangazwa mchezo wa ng'ombe, watu walivuka kutoka Kisiwa Panza na wengine wakaja kutoka Madungu, na swali la kwanza lilikuwa moja: ng'ombe wa Mabruki yumo? Mchezo wetu si wa kuua. Fahali hufungwa kamba ndefu kwenye nguzo katikati ya uwanja, zumari linalia, wanawake wanaimba, na mchezaji anamwendea na kitambaa mkononi. Fahali akija, mchezaji anachepuka, au anarukia ulingo wa miti uliojengwa pembeni. Jioni kila mmoja anarudi kwao, fahali kwa miguu yake, na mchezaji inshallah kwa yake.

Mabruki alipofariki aliniachia majike, na madume wawili waliokuwa bado wadogo, waliozaliwa msimu mmoja. Mmoja mwekundu, kifua wazi, sauti kubwa. Huyo Mabruki mwenyewe alimpa jina akiwa bado ananyonya, akamwita Haambiliki. Wa pili rangi ya majivu, kichwa chini, mdomo kwenye majani. Huyo hakuwa na jina. Kwetu dume wa kuchinjwa hapewi jina, maana ukishamwita kwa jina utaona haya kumla. Basi tukawa tunamwita Yule Mwengine.

Nisiseme uongo, Haambiliki alikuwa mzuri. Akipita njiani watu wanasimama. Akisikia mtu anapiga debe huko mbali, anaparura ardhi na kutupa mchanga mgongoni, na wanaume wanatingisha vichwa kwa furaha kama wao ndio waliomzaa. Mabruki akiwa kitandani, siku ambazo hata uji ulikuwa haupandi, aliniomba nimfungulie dirisha amtazame. Akamtazama kwa muda. Kisha akaniambia, "Mize, huyu mwekundu asiguswe. Huyu ndiye."

Nikamjibu, "Nimesikia." Na kweli nilisikia.

Madume wakakua. Mwaka wa pili ulipotimia wakaanza kutazamana, halafu kusukumana, halafu wakavunja uzio wa mihogo ya jirani. Mafahali wawili hawakai zizi moja, hilo halina mjadala. Na Mfunguo Tatu, mwezi wa Idd ya kuchinja, ilikuwa inakaribia, na mwaka huu zamu ya kutoa ng'ombe wa udhiya wa ukoo ilikuwa ya nyumba yangu. Kwa hiyo mmoja angechinjwa siku ya Idd, na mwengine angebaki apande majike na ashuke uwanjani ukifika msimu wa mchezo. Ukishachinja hakuna kurejesha. Ukikosea, umeua mbegu, na baada ya miaka michache watu watasema, nyumba ile zamani ilikuwa na ng'ombe. Hilo ndilo lililoninyima raha. Mume alikwisha kwenda, sikuweza kumzuia. Lakini jina la ng'ombe wake liishie mikononi mwangu? Hapana.

Kwa watu wengine hakukuwa na la kuamua. Shemeji yangu Ishak, mdogo wake Mabruki, alikuja mapema kabisa kunipa habari kwamba ameshawaambia wa kamati ya mchezo kuwa Haambiliki atashuka uwanjani. Hakuniuliza, alinijulisha. Ishak si mtu mbaya. Analima, anavua, anasali jamaa, na nyumba yangu hajaiachia ikose samaki tangu kaka yake azikwe. Ila ana ugonjwa wa barazani: akishasema kitu mbele ya watu, basi kimekuwa kweli. Mama yao, Bi Bimkubwa, ambaye anakaa na mimi, aliulizwa naye anaonaje. Akajibu kwamba yeye meno hana, apewe ini, na ini halina rangi ya ngozi.

Sasa nieleze ya kamba, maana hapo ndipo mimi na wanaume tulipoachana njia.

Huku kwetu ng'ombe hatumwachi azurure. Mashamba yamebanana, mihogo hapa, migomba pale, ukimwachia utagombana na mtaa mzima. Unamfunga kamba, unapiga kigingi mahali penye majani, akishamaliza unamhamisha. Kazi hiyo nyumbani kwetu ilikuwa yangu. Mabruki alikuwa akiwaona ng'ombe wakiwa wameshaoshwa, wameshashiba, wamesimama mbele ya wageni. Mimi nilikuwa nawakuta walivyolala na walivyoamka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Na kila asubuhi, tangu alipoanza kufungwa, Haambiliki nilimkuta amejisokota. Akifungwa karibu na mnazi, atauzunguka mnazi mpaka pua iguse gome, kisha analia. Pasipo na mnazi, atajizonga kwenye kigingi chenyewe, au kwenye miguu yake. Kitu kikimshitua anakimbia mbele, kamba ikimvuta anakasirika, akikasirika anaendelea kuzunguka upande uleule. Nimemfungua mara ngapi hata sijui. Namrudisha nyuma huku namwambia, baba, si huko, umetoka huku. Kesho yake yaleyale. Nguvu zote zile, na majani yamejaa hatua chache nyuma yake, na yeye ana njaa.

Yule Mwengine sikuwahi kumfungua hata mara moja. Mwanzo nilidhani ni mvivu, hazunguki. Halafu siku moja nikakaa kizingitini nachambua mchele, nikamwona. Alikuwa amekula akizunguka mpaka kamba ikamshika kwenye kisiki. Akavuta kidogo. Akasimama. Akageuza kichwa, akaitazama kamba, kisha akarudi taratibu njia aliyoendea, akazunguka kisiki mpaka kamba ikalegea yote, akaenda kula upande wa pili. Mchele ukanidondoka. Nikamwita Bi Bimkubwa aje aone, na yeye haoni vizuri, akasema Mashaallah kwa kunifurahisha.

Tangu siku ile nilimchungulia kila nilipopata nafasi, na kila mara alifanya vilevile. Moyo ukaanza kuniuma, maana nilishajua kinachokuja. Fahali wa mchezo anafungwa kamba. Wanaume wanatazama pembe, wanatazama nundu, na kumbe mchezo mzima umo kwenye kamba. Lakini kila nikifikiri hivyo naona dirisha, na Mabruki anamtazama mwekundu wake. Nilimpenda mume wangu. Nikasema labda mimi ndiye mjinga, labda mgonjwa anaona kwa jicho jengine. Nikaswali istikhara nionyeshwe la kufanya, nikalala, nikaamka, nikaenda malishoni. Haambiliki alikuwa amejisokota kwenye mnazi, pua kwenye gome. Nikamfungua nikiwa nalia, na nilipomaliza kulia nilikuwa nimeshaamua.

Asubuhi ya Idd, baada ya sala, Ishak akaja na kanzu yake mpya na wanaume wa ukoo kuchukua ng'ombe. Walikuwa wameshazungumza njiani nani ashike miguu. Wakanikuta nimesimama uani, na niliyemtoa ni Haambiliki. Nilikuwa nimemwosha, nimempaka mafuta kwenye pembe.

Ishak alidhani nimechanganyikiwa kwa majonzi. Akanisogelea kwa upole, akanieleza kwamba huyo ni wa uwanjani, wa kuchinjwa ni yule wa majivu. Nikamwambia najua ninalolifanya. Akaniambia watu watamcheka, ameshatoa neno. Nikamwambia neno lake na ng'ombe wangu ni vitu viwili. Hapo sauti ikampanda.

"Shemegi, huu wasia wa marehemu. Kasema asiguswe. Weye mwenyewe ulikuwepo."

"Nlikuwepo," nikamjibu. "Na alokuwa akimfungua ng'ombe kamba kila siku ni mie, si marehemu wala si weye. Huyu hajui kamba, Ishak. Atatutia aibu uwanjani mbele ya watu, na mbegu yake itatutia aibu miaka yote."

"Ng'ombe mwenye moto ndo anavokuwa."

"Moto upo, akili haipo. Na nikuulize jengine. Leo Idd. Unataka kumpa Mungu yule unomwona dhaifu, na huyu unomwona mzuri ukamwoneshe kwa watu upigiwe makofi?"

Wanaume wakatazama chini. Ishak akakunja mikono ya kanzu yake mpya, akaikunjua. Nilikuwa nimemshika pabaya na nilijua, na sioni haya kusema nilifurahi. Lakini si kwamba nilitafuta maneno ya dini ya kumnyamazishia. Nilikuwa nayaamini. Mabruki angetolewa sadaka yake ya mwisho kwa kitu alichokipenda kuliko vyote, na mbegu yake ingebaki kwa aliyeiweza. Yote mawili nilikuwa nayo moyoni, na yote mawili yalinielekeza kwa mwekundu.

Ishak akasema kwa sauti ndogo, "Huambiliki weye."

"Ndo maana kaka yako kanioa," nikasema.

Walipomchukua, Haambiliki akashituka na kelele za watu, akakimbia, akauzunguka mpera wa uani, kamba ikamkaba. Wanaume sita wakamvuta, naye anavuta upande wake, mpera unatingishika. Nikawaambia wamwache. Nikaenda mwenyewe, nikamshika pembe, nikamrudisha nyuma taratibu. Baba, si huko, umetoka huku. Akanifuata mpaka mahali pa kuchinjia, wakamlaza kuelekea kibla. Kisha nikaingia jikoni, nikafunga mlango, nikalia kwa sauti mpaka Bi Bimkubwa akaja kukaa na mimi.  Baadaye ini lilipokuja alilila, lakini nusu akaniwekea.

Miezi iliyofuata nilikula maneno kuliko mihogo. Kisimani, sokoni, kwenye harusi, kila mtu ana lake. Mize kachinja wasia wa mumewe. Mize kamla fahali wa Kengeja. Mjane akiachiwa ng'ombe ni kama kumwachia nyani shamba. Mwanamize, jirani yangu ambaye ndiye anayeongoza wanawake kuimba uwanjani, aliacha hata kuniomba moto. Ishak aliendelea kuniletea samaki, ila aliwaweka kizingitini na kuondoka. Mimi nilinyanyua kichwa changu. Nilihamisha vigingi asubuhi, nilihamisha jioni, na yule wa majivu akajaa shingo, nundu ikasimama, pembe zikafunguka, wala hakuna aliyemtazama, maana watu walikuwa wameshaamua kwamba si kitu.

Kaskazi ilipokauka vizuri, mchezo ukatangazwa. Nikapeleka habari kwenye kamati kwamba nyumba ya Mabruki inatoa fahali. Waliniheshimu wasicheke mbele yangu.

Siku yenyewe uwanja ulijaa mpaka kwenye matawi. Nilikaa na wanawake, buibui langu jipya, Bi Bimkubwa pembeni yangu na kiti chake cha plastiki. Fahali wa kwanza alikuwa wa wageni, mweusi, mkubwa, wenyewe wanamsifu kwa mashairi. Zumari lilipolia akatoka kama risasi. Akamkimbiza mchezaji mara mbili, tatu, akizunguka nguzo, kamba inazonga, inazonga, mpaka kichwa kikabanwa kwenye nguzo akabaki anatikisa mkia. Wanawake wakamtungia wimbo palepale, wakamuuliza kama amekuja kucheza au kuswali. Wenyewe wakaingia kumfungua, vichwa chini. Nilimwona Ishak ng'ambo ya uwanja. Alikuwa ananitazama, na sijui kwa nini alivua kofia yake akaivaa tena.

Kisha akatolewa wangu. Wakamfunga kwenye nguzo ileile. Zumari likalia, ngoma zikapigwa, na yeye akasimama. Akatazama watu. Akainama akanusa mchanga. Kicheko kikaanza upande wa mikoko kikazunguka uwanja mzima, na mtu akapiga kelele kwamba marehemu Mabruki anageuka kaburini.  Bi Bimkubwa akaniuliza kuna nini, nikamwambia bado.

Mchezaji siku hiyo alikuwa Ridha, kijana wa hapahapa, hodari, na anajua kuwa hodari. Akamwendea na kitambaa, akampigapiga usoni. Hapo fahali akaenda. Hakupiga kelele, hakuparura, alikwenda tu, na Ridha akachepuka akiwa amechelewa kidogo. Waliokuwa wakicheka wakasogea mbele watazame. Fahali akamgeukia tena, wakazunguka nguzo, na tena, na kamba ikaanza kuzonga kama ilivyomzonga yule mweusi, ikawa fupi, fupi zaidi, kichwa kikasogea nguzoni. Uwanja ukaguna. Ridha akaona keshamaliza kazi. Akatupa kitambaa begani, akampa mgongo, akaanza kutembea karibukaribu anawanyooshea wanawake mikono wamwimbie.

Nikamshika Bi Bimkubwa mkono. Fahali alikuwa amesimama. Aligeuza kichwa, akaitazama kamba. Kisha, mbele ya watu wote wale, akarudi nyuma. Taratibu, kama yuko malishoni kwangu, akaizunguka nguzo kwa njia aliyojia, mzunguko kwa mzunguko, kamba ikilegea na kulala mchangani. Uwanja mzima ulinyamaza isipokuwa zumari, na Ridha akadhani kimya kile ni cha heshima yake. Akainama kuwasalimu. Fahali akaja na kamba yote.

Mtu akapiga ukelele, Ridha akageuka, na namna alivyopanda ule ulingo sijapata kuona. Kitambaa kilibaki kinaning'inia kwenye pembe ya kulia ya fahali. Ridha alikaa juu akishika mti kwa mikono miwili, mzima kabisa, alhamdulillahi, isipokuwa suruali. Na fahali wangu akasimama chini ya ulingo kamba imenyooka nyuma yake, hana haraka.

Sijui nilisimama saa ngapi. Watu walikuwa wanapiga vigelegele, wazee wamesimama juu ya mabenchi, wageni wenyewe wanapiga makofi. Mwanamize alikuja akipenya katikati ya wanawake, jasho linamtoka, maana wimbo ulikuwa umeshafika kooni na hakuwa na jina la kuutia. Akaniuliza, "Mize, ng'ombe wa nani huyu tumwimbe?"

Kabla sijajibu, sauti ya Ishak ikaja kutoka ng'ambo. Alikuwa amekanyaga uwanja wenyewe, kanzu imekunjwa mpaka magotini, na alisema kwa ile sauti yake ya barazani, ambayo kitu kikishasemwa nayo kimekuwa kweli.

"Ng'ombe wa Mize huyo. Mwimbeni Mize."

Wakaimba. Jina langu likazunguka uwanja na zumari juu yake, na nikaliacha lizunguke. Sikujifanya mnyenyekevu, sikufunika uso. Nilikuwa nimelifanyia kazi. Bi Bimkubwa akacheka meno hakuna, akisema mkwe wangu huyo, mkwe wangu, akimwambia kila aliyekuwa karibu.

Jioni nikamchukua mwenyewe kumrudisha nyumbani, sikutaka mtu anisaidie. Tulipita kwenye makaburi, pale karibu na mgomba alipolala Mabruki. Nikasimama, na fahali akasimama. Nikamsomea Fatiha. Kisha nikamwambia taratibu, asisikie mtu mwengine, "Mabruki, ng'ombe uliwajua wewe. Lakini kamba uliniachia mimi."